Jibu kwa aliyeuliza kama amwitie mama yake mchungaji

Ndugu yangu, pole sana kwa kuuguza. Umesema mama ana saratani ya shingo ya kizazi, karuhusiwa kurudi nyumbani na chupa ya morfini, dawa kali ya maumivu, na sasa hamuelewani: dada yako anataka kuleta watu wa maombi, wewe unaogopa mama ataona mmeshamkatia tamaa. Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya wagonjwa mahututi, hapa Dar es Salaam, kazi yangu ni kuzunguka majumbani kwa wagonjwa kama mama yako.

Muulize mama mwenyewe. Nyumba nyingi zinaruka hapo. Ndugu wanakaa kikao sebuleni kuhusu roho ya mtu aliyelala chumba cha pili, akili zake timamu. Wala usianze na "tukuitie mchungaji?" Vuta kigoda, kaa, muulize nini kinamkosesha usingizi, halafu nyamaza mpaka aseme.

Kuna mama mmoja nilimuuguza, usiku alikuwa hatulii kabisa. Daktari akaongeza dozi, wapi. Mchungaji wake wa KKKT, kanisa la Kilutheri, alipokuja hakufungua Biblia. Alimuuliza tu, "Mama, una mzigo gani?" Akajibu, "Daftari." Kumbe alikuwa mweka hazina wa kikoba, fedha za wenzake ziko kwenye kopo chini ya kabati, na aliogopa afe aitwe mwizi. Wanakikoba wakaitwa, wakahesabu noti palepale kitandani, wakasaini daftari mbele yake. Baada ya hapo akaomba mwenyewe Chakula cha Bwana, na usiku ule alilala. Kwangu mimi, mchungaji yule alianza huduma ya kiroho pale alipouliza swali lile.

Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kutunzia wagonjwa wasiotarajiwa kupona) ya St Christopher's kule London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii ni ya mwili, ya moyo, ya mahusiano na ya roho kwa pamoja. Morfini inatuliza ya mwili. Daftari halitulizwi na morfini.

Lakini pia maombi hayashiki nafasi ya morfini, na hapa simama imara. Morfini ya maji kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4. Akiambiwa aiache ili aoneshe imani, maumivu yatarudi, na yeye ataamini Mungu ndiye kamwacha. Usingizi unaoletwa na dawa hiyo siku za mwanzo mara nyingi hupungua wenyewe. Watu wa maombi wamwombee uponyaji, sawa, ila wawe wachache, sauti ya chini, na asiwepo wa kumwambia imani yake ni haba. Nimeona wagonjwa wakiambiwa hivyo kila siku. Mwisho wanaacha hata kusema wanaumwa. Atakayesema dawa zitupwe, mjomba wenu mkubwa ampokee nje na azungumze naye kwa heshima hukohuko.

Kwa wengine wanaosoma hapa: Wakatoliki, mpako wa wagonjwa si wa pumzi ya mwisho. Mwiteni padri mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kuungama na kupokea komunyo. Waislamu, nimekutana na mzee aliyekataa dawa kwa kuogopa swala zitampita. Sheikh wake alimweleza kwamba ataswali amelala ubavu, ameelekea kibla, akishindwa ataashiria kwa macho, na maji yakimdhuru atatayamamu, yaani ajitwaharishe kwa udongo safi. Akanywa dawa siku ileile. Maelezo yale mimi muuguzi nisingeweza kumpa akanikubali.

Na dada yako, anayemgeuza mama usiku na kufua mashuka, usimchukulie kama mpinzani. Huenda anawataka watu wa maombi kwa sababu yeye ndiye aliyechoka. Mchungaji akija, mwombe akae naye pembeni nusu saa, mama akiwa na wewe. Na msiba ukishapita, mwombeni arudi tena, matanga yakiwa yameanuliwa na watu wametawanyika.