Re: HP imegoma waifai, draiva nishushe wapi? Na neti inasuasua
Mkuu pole sana, kwahiyo umepiga Windows upya hapo Kasulu, waifai imepotea, na kuna saiti inakwambia ushushe programu ya kuapdeti draiva zote bure (draiva ni kiprogramu kinachoiwezesha Windows kutumia kifaa kama waifai). Usiiguse hiyo kabisa, mi hapa Ujiji nishasafisha laptopu kibao zilizojaa virusi kwa staili hiyohiyo na inauma, mtu kapoteza picha za familia.

Fanya hivi, chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushea intaneti kwa USB, kompyuta itapata neti hata bila draiva ya waifai, halafu fungua Windows Update, nyingi inaleta yenyewe. Isipoleta ingia saiti ya HP wenyewe weka siriali namba iliyo chini ya laptopu. Kikibaki kifaa hakijulikani ingia Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta), fungua Properties za hicho kifaa, kwenye Details chagua Hardware Ids, VEN ni kodi ya mtengenezaji na DEV ni ya kifaa chenyewe, ukiona VEN_8086 ujue ni Intel, VEN_10EC ni Realtek.

Spidi sasa. Unasema ni 4 Mbps ila faili la MB 600 limekula dakika 20, hapo hujaibiwa mkuu, hizo ni megabiti, gawa kwa 8 unapata MB 0.5 kwa sekunde, piga hesabu utaona ni dakika 20 kweli. Shusha draiva ya waifai kwanza maana ni ndogo, ya grafiki iache usiku watu wakilala, na ukishapata draiva pozi apdeti nyingine za Windows zisikumalizie bando.

Ukikwama weka hapa hiyo namba ya VEN na DEV tuitafute.