Mimi sipimi kilo, napima kiti

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Muuzaji mdogo wa mtandaoni abebe gharama ya kumfikishia mteja mzigo, au mteja ajilipie?" Swali limenikuta nikishona bitana ya kiondo. Nikaiacha sindano hapo hapo ilipofika. Jibu nilikuwa nalo kabla sijamaliza kusoma: mteja ajilipie. Mimi si kampuni. Sina stoo, sina gari. Nina kabati moja mtaani Umoja, Nairobi, na simu iliyopasuka kioo. Anayetaka kitu kimfikie mlangoni alipie miguu ya kukileta. Nilikusudia kuandika mistari minne ya namna hiyo kisha nirudi kwenye sindano yangu.

Halafu nikakikumbuka kile kiondo nilichokipeleka Rongai, nje kidogo ya Nairobi.

Kwanza mjue hesabu zangu, maana wengi huzungumzia jambo hili kana kwamba tunauza dhahabu. Kiondo cha mkonge cha wastani nakichukua kwa akina mama wa Machakos kwa shilingi 1,000. Kinakuja bila mkanda. Nakipeleka soko la Kariokor, ngozi na fundi vinakula 350. Bitana natia mwenyewe. Napiga picha pale dirishani jua likiwa zuri, nauza 1,800. Zinabaki 450, na humo mna bando, mna nauli ya Kariokor ambayo hata sijaihesabu, mna na muda wa kujibu watu wanaouliza "bei?" chini ya picha iliyoandikwa bei.

Mteja wa Rongai alikiona usiku wa Jumatano na akatuma 1,800 kwa M-Pesa usiku huo huo, kabla sijatia neno juu ya kupelekewa. Nikalala nimefurahi. Asubuhi nikamwandikia kwamba boda kutoka kwangu hadi kwake ni 600. Alama mbili za buluu, kimya. Saa nne ndipo akajibu: "Sikujua kuna ingine."

Anayeuza anajua uzito wa maneno hayo. Hakutukana, hakulalamika. Nikafikiria kumrudishia pesa zake, nikaona pesa zenyewe nusu nimeshanunua ngozi. Nikasema liwalo na liwe, nitapanda matatu nikampelekee mwenyewe.

Umoja hadi mjini 70. Mvua ilianza tukiwa Jogoo Road, na mkaazi wa Nairobi haambiwi kinachofuata: mvua ikishuka nauli inapanda. Nilipofika Railways, Rongai ya 100 ilikuwa imeshakuwa 150. Nikalipa, nikapata dirishani. Kiondo nilikuwa nimekijaza magazeti ndani kisipoteze umbo, nikakifunga nailoni juu, kimevimba hakipakatiki. Nikikiweka mapajani kinanifunika uso. Nikakiweka kiti cha pembeni, gari likiwa bado halijajaa.

Gari likajaa. Watu wanaingia wamelowa chapachapa, madirisha yote yamefungwa, tunapumua pumzi moja. Kondakta akaja akasimama.

"Mathe, hiyo inalipa."

"Nini inalipa?"

"Hiyo kikapu."

"Hiki ni kiondo, na hakifiki kilo moja. Kishike uone."

Hakukishika. Alikitazama tu, akatazama na wale waliosimama mlangoni. "Mathe, mimi sipimi kilo. Napima kiti."

Gari zima likaangua kicheko. Mzee mmoja nyuma akasema basi kiondo nacho kipewe tikiti yake. Nilijaribu kukipakata ili mama mmoja aketi. Ukingo wake ukamkwaruza shavu, akaninyamazia kwa ile namna ya kunyamaza ambayo ni heri angenitusi. Nikabishana na yule kijana hadi Nyayo, kisha nikampa 100. Kiondo kikasafiri na kiti chake kama mtu mwenye kazi ya ofisi. Kutoka Nyayo hadi Galleria tulikaa saa moja na nusu kwenye jam, nami muda wote ule nakitazama. Nilikichukia. Nawaambia kweli, nilikichukia kitu nilichokishonea bitana kwa mkono.

Nikashuka Kware. Nampigia mteja, hapatikani. Nikaingia kwenye kibanda, chai na mandazi 40, nikapiga tena, hapatikani. Nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia, na hayakuwa mazuri, ndipo akatokea mama wa umri wa mama yangu mzazi, mwavuli wake umevunjika ubavu, anauliza kila mtu kama ameona msichana mwenye kiondo. Stima zilikuwa zimepotea mtaani kwao tangu alfajiri, simu imezima. Alikuwa amekuja steji mara mbili akanikosa.

Alifungua nailoni hapo hapo. Akatoa magazeti yangu moja moja, akayakunja akanirudishia. Akatia mkono ndani, akapapasa kitako, mahali mkonge unapoanzia, kisha akafuata ukingo kwa kidole gumba mpaka ukazunguka wote. Sikuwahi kuona mteja akikagua hivyo. Kilikuwa cha ruracio, sherehe ya mahari, ya kesho yake, ndiyo maana alituma pesa usiku bila kuuliza. Aliporidhika akaniuliza:

"Nauli umetumia ngapi?"

"Usijali, mama."

"Nimekuuliza ngapi."

Nikamtajia, pamoja na ile 100 ya kiti. Hakucheka. Akasema, "Sasa mbona hukuniambia elfu mbili mia nne toka jana? Ningetuma. Lakini ukichukua elfu moja mia nane usiku, asubuhi ukarudi umekunjua mkono, mimi naona naibiwa kidogo kidogo." Akafungua pochi, akanipa 200. Nikazikataa. Kiburi hicho nilikijutia kabla gari halijafika Galleria.

Kurudi 100, mjini hadi Umoja 80. Jumlisheni wenyewe: 540 pamoja na chai. Faida yangu ilikuwa 450. Nilimtolea mteja shilingi 90 mfukoni mwangu ili anunue kiondo changu, na siku nzima juu yake.

Najua nimekaa Rongai mno. Ila miezi kadhaa baadaye nilipata mteja wa Ujerumani, nikakipeleka kiondo kwenye kampuni moja ya kusafirisha vifurushi, nimekijaza magazeti vilevile. Mizani ikasema gramu 800. Nikatabasamu. Dada wa kaunta akatoa futi ya kupimia: sentimita 40 kwa 40 kwa 35. Akazidisha, akapata 56,000, akagawa kwa 5,000. "Kilo 11 nukta 2," akasema, na hizo ndizo nilizotakiwa kulipia. Nilimsikia yule kondakta wazi kabisa. Ndege nayo inauza kiti. Kitu chepesi chenye tumbo kubwa kinahesabiwa nafasi kinayokula, na mimi nilikuwa nalipa kupeleka hewa ya Umoja hadi Ulaya.

Kwa hiyo kwa wanaouza viondo, vikapu na kofia za mkonge, nawaambia jambo ambalo hamkuuliza: acheni kujaza magazeti. Kiondo laini kilaze, kikandamize, kifikie kimo cha sentimita 10. Hesabu ile ile inashuka hadi kilo 3 nukta 2. Mteja akikipokea akinyunyizie maji kidogo, yeye ndiye akijaze magazeti, akiache kivulini kikauke, umbo linarudi. Mkanda wa ngozi usilowe. Na vikiwa viwili, kidogo kiingie ndani ya kikubwa. Posta nayo usiidharau. Kwa kanuni za posta za kimataifa kifurushi kidogo kinatakiwa kisizidi kilo 2, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 90. Kiondo changu kikilala ni 40 na 40 na 10. Siku nilipogundua hivyo nilikipima mara tatu nikidhani futi imeharibika. Posta inachelewa, ndiyo. Mwambie mteja itachelewa.

Wa Marekani ni habari nyingine. Tangu tarehe 29 Agosti 2025 msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800 umeondolewa, kwa hiyo hata ukigharimia usafiri wote bado kuna kitu kinamngoja mteja huko kwake. Namwandikia kabla hajatuma pesa. Wawili wameghairi. Afadhali waghairi hapo kuliko wanune kifurushi kikiwa kimeshafika.

Sasa, swali lenu. Nilianza nikisema mteja ajilipie, na kwa haki bado naona hivyo. Ninaposikia "free delivery" nacheka. Mwaka 2019 soko la mtandaoni la Etsy liliwasukuma wauzaji wasitoze usafiri kwa wanunuzi wa Marekani kwenye oda za kuanzia dola 35, na atakayekubali atangulizwe kwenye utafutaji. Watu walifanya nini? Wengi walipandisha bei ya bidhaa. Boda hajawahi kubeba mzigo bure kwa sababu muuzaji ameandika neno bure.

Lakini nikitafuta kosa langu la Rongai silioni kwenye 600. Yule mama 600 alikuwa nazo. Nilimpa bei mbili kwa siku mbili, hilo ndilo lililomuuma. Na mji huu wetu unatufanya tuchelewe kusema, maana hatuna namba za nyumba. Mpaka mtu akueleze "geti la buluu mkabala na kanisa, ukifika nipigie," hujui boda atataka ngapi. Tunangoja tujue kamili ndipo tuseme, na wakati huo mteja ameshalipa.

Kwa hiyo nimefanya kile nilichosema sitakifanya. Nilichukua daftari, nikajumlisha nilichotumia kupeleka viondo ndani ya Nairobi na Rongai kwa miezi mitatu, pamoja na vile vilivyofuatwa mjini ambavyo havikunigharimu chochote, nikagawanya kwa idadi ya viondo. Ikaja 240 na kitu. Sasa naandika 2,050 chini ya picha, imefika kwako, nukta. Wa Kisumu na Nakuru naendelea kuwatumia kwa matatu, wanalipa wenyewe ofisini wakienda kuchukua. Hao wamezoea na wanaijua bei kuliko mimi. Wa ng'ambo nawapimia kwanza.

Sisemi kila mtu afanye hivi. Anayeuza hereni za shanga za 300 akiongeza 250 atakimbiwa, na atakuwa amestahili. Huyo afadhali atafute duka mjini la kuachia mizigo, wateja wachukue. Hata mimi kuna wanaoona 2,050, wanaona jirani yangu wa mtandaoni kaandika 1,800, wanaenda kwake. Wengine wanarudi wakishasikia la boda. Wengine hawarudi.

Linalonisumbua ni jirani wa ghorofa ya chini. Juzi alinunua kiondo cha mkewe, akatuma 2,050 bila kuuliza, nikamshushia ngazi kumi na nne. Hizo 250 ni nauli ya mtu wa Rongai, na yeye hajui. Tunasalimiana kila asubuhi kwenye mfereji. Sijamrudishia, na sijamwambia.

Muuza viondo, Umoja