Ukipenda kwaya ya Noeli, usibaki benchi

Kila mwisho wa mwaka kuna mtu ananiuliza, hivi naweza kuingia kwaya nikaimba Krismasi? Unaweza, ila sio uje tarehe 22. Hapa Moshi watu wanapanda kutoka Dar mabasi yamejaa, wanafika Kibosho, Marangu, Rombo, afu wanataka wasimame na kwaya misa ya usiku wakati mazoezi hawajagusa hata siku moja. Kama uko mbali omba uingizwe kwenye grupu la WhatsApp tangu Novemba, walimu wengi siku hizi wanatuma nota na vois ya kila sauti, unajifunzia hukohuko.

Mi muziki umenilea, toka kaseti za kwaya za baba mpaka leo nna mvi, na naimba alto, ile sauti ya chini ya soprano. Alto haisifiwi na mtu jamani. Soprano wamebeba melodi, besi wanatingisha benchi, sisi tumekaa kwenye noti moja, so, tunaibembeleza mistari miwili mizima, afu ghafla fa inageuka fe, yaani inapandishwa nusu sauti, na hapo ndo wageni wote wanakimbilia soprano. Dawa yake imba sol-fa, yale majina ya noti do re mi, peke yake bila maneno, osha vyombo unaimba, panda daladala unaimba kimoyomoyo, mpaka ile fe ije yenyewe. Maneno baadae. Na kwenye mazoezi simama katikati ya wawili wanaojua, usikae pembeni karibu na soprano, watakuvuta uimbe sauti yao.

Kwa sisi Wakatoliki kitu cha kukazania zaidi ni wimbo wa Utukufu kwenye misa. Jumapili za Majilio, zile nne kabla ya Noeli, hauimbwi, kwahiyo midomo imeusahau, halafu usiku wa Noeli unarudi na kengele zinapigwa na waumini wote wanataka kuupaza, kwaya ikiyumba pale kanisa zima linayumba.

Halafu hii Haleluya ya Handel ambayo kila kwaya inaitamani. Handel aliandika Messiah, utunzi mrefu wa kwaya wenye sehemu tatu, 1741, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin Aprili 1742, na hiyo Haleluya inafunga sehemu ya pili, baada ya mateso na ufufuko, yaani kwa mpangilio wake ni ya Pasaka kuliko Krismasi. Simkatazi mtu, naipenda mno, ila pale soprano wanapopandishwa ngazi kwa ngazi kwaya changa inaishia kupiga kelele. Mi naona bora Usiku Mtakatifu kwa sauti nne, taratibu. Ule ulianza Oberndorf, Austria, 1818, kwa gitaa tu, na bado watu wanalia.

Na koo ulitunze: maji ya uvuguvugu, soda baridi acha kwanza.

Na Januari usipotee. Ukirudi Dar tafuta kwaya ya parokia yako, alto hawatoshi popote.