Mbegu ya samaki haitarudisha sambaza

Swali: Mtaalamu, mimi ni kiongozi wa ekipi ya wavuvi hapa Bukavu. Sambaza, dagaa zetu za Ziwa Kivu, zimepungua sana. Kuna mtu anatuuzia mbegu ya samaki wakubwa, anasema tukichanga franga tuimwage ziwani, baada ya mwaka tutavua hadi tuchoke. Tuchange?

Jibu: Papa, msichange hata franga moja.

Kila sambaza zinapoadimika, hutokea mtu mwenye bidoni (dumu) ya vifaranga vya samaki na maneno matamu, anaongea juu ya Kivu kana kwamba ni bwawa la nyuma ya nyumba. Ziwa lina kina cha karibu mita 485, lakini oksijeni inaishia kwenye mita 60 hivi za juu. Shamba letu lote ni hapo, na lina wenyewe.

Hoja yao kubwa, inayonichosha, ni hii: "Hata sambaza zililetwa." Ndiyo, zililetwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Hawasemi kwamba zilikuja aina mbili na moja ikashindwa kabisa. Sambaza zilifaulu kwa sababu katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea. Zilikuta chakula hakina mlaji. Hata hivyo dafnia, kijidudu kilichokuwa kikila mwani, kikatoweka. Leo samaki wenu mkubwa atakula nini kama si sambaza zenyewe? Kule Ziwa Victoria sangara aliingizwa, aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa huko, zikapotea, na hakuna awezaye kumtoa tena.

Sambaza hutaga karibu na ufuko, na vitoto hukaa hapo kabla ya kwenda maji ya kati. Hapohapo ndipo kaningini, wavu wa matundu madogo sana, inakokotwa. Niliwahi kuomba kijiko kimoja kutoka beseni la kaningini: vitoto vyeupe kama uzi, macho kama ncha ya sindano. Nilihesabu hadi arobaini nikaacha. Mama muuzaji aliita ile "sambaza ndogo", akaniongezea kidogo bure.

Anzeni na ufuko wenu: kubalianeni sehemu ambazo hakuna anayekokota wavu. Kisha nunueni daftari. Kila usiku andikeni kilo, saa mlizokaa majini, na kama mwezi uliwaka, kwa sababu mwezi mpevu hushinda taa zenu za kuvutia samaki, nao hawakusanyiki. Upepo wa kiangazi nao huchanganya maji na kupandisha virutubisho, hivyo mwezi mmoja haufanani na mwingine. Bila daftari, uhaba wa msimu na ziwa lililochoka vinaonekana sawasawa, na hapo ndipo wenye bidoni hupata soko.

Hao wenye bidoni wanazunguka fuko nyingi za ziwa, si kwenu tu. Tena maji ya Kivu hayabaki Kivu: yanatoka hapa Bukavu na kushuka na Ruzizi hadi Tanganyika, kwenye mamia ya aina za samaki wasiopatikana penginepo duniani. Wavuvi wa Uvira, kule ufukoni mwa Tanganyika, hakuna aliyewauliza.