Kusamehe si fungu lako, mwanangu

Msomaji wa Wete ananiandikia:

"Baba mkwe wangu aliuawa kwa panga shambani kwake. Barazani mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote kwamba muuaji anyongwe. Kisha nikakutana na mtu aliyehukumiwa kunyongwa kwa neno la shahidi mmoja aliyedai kumtambua usiku. Mahakama ya Rufani ikamwachia. Tangu hapo sitaki tena mtu anyongwe. Nilimwambia mke wangu usiku wa hitma ya baba yake. Sasa hasemi nami ila mambo ya chakula. Anasema nimemsaliti marehemu. Nirudi kwenye msimamo wa zamani?"

Usirudi. Huyo mtu wako angenyongwa mapema, rufaa ingemfaa nini? Na wanaosita ni wengi. Tanzania haijanyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, ingawa hukumu zinatolewa. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba kutia saini mtu anyongwe kunamwia vigumu.

Lakini usiku wa hitma, mwanangu! Majamvi hayajakunjwa, mwenzio macho mekundu, nawe unamletea habari za rufaa. Wanaume nyinyi, wallahi.

Wewe umebadili rai juu ya sheria. Yeye amesikia umemsamehe muuaji wa baba yake, na hilo si lako. Katika Kurani, Al-Israa aya ya 33 inampa madaraka walii wa aliyeuawa, yaani jamaa yake wa damu, tena inamkataza kupita kiasi; Al-Baqara 178 inamfungulia mlango wa kusamehe. Mkwe hatajwi. Na huku kwetu Zanzibar hata hao walii hawashiki hukumu: kadhi ana ndoa, talaka na mirathi, mauaji yako Mahakama Kuu, na huko jamaa wa marehemu hana kauli ya mwisho. Mkeo alichobakiwa nacho ni kusamehe au kutosamehe moyoni mwake, nawe umekigusa bila hodi.

Mtake radhi kwa usiku ule, si kwa rai yako. Mwambie: "Nilisema juu ya serikali kunyonga watu. Ya baba ni yako, na sikuombi umsamehe mtu." Kisha nyamaza. Usimtume shemeji, usimlete shekhe kumlainisha. Akikaa mwaka na hasira zake, akae.

Barazani sema utakavyo, ila kisa cha baba yake usikitolee mfano mpaka mwenyewe akuruhusu.