Maswali ya wasomaji: Bila kwinini, walitumia nini?

SWALI: Nimesoma kwamba katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) jeshi la Kusini liliishiwa kwinini, likatibu malaria kwa magome ya miti. Magome gani, na yalifaa kitu?

JIBU: Manowari za Kaskazini zilizifunga bandari za Kusini, kwinini ikawa ya magendo. Idara ya tiba ya jeshi ikatoa fomula yake: katika kila sehemu 100 za magome makavu, 30 za mti wa Cornus florida (dogwood kwa Kiingereza), 30 za Liriodendron (tulip tree), 40 za Salix (mwerebi). Ratili 2 za mchanganyiko huo (gramu 900 hivi) ziliroweshwa siku 14 katika galoni 1 ya wiski, yaani lita 3.8, kisha ikachujwa. Dozi ni wakia 1, kama mililita 30, mara tatu kwa siku. Gome la Cornus lilitakiwa liwe kavu kwelikweli; likiwa bichi husokota tumbo.

Kama dawa ya malaria, hapana. Salix ina salisini, ambayo mwilini hugeuka asidi ya salisiliki: joto hushuka, maumivu hupungua, lakini vimelea vinaendelea kuzaana ndani ya damu. Yale magome mengine sifa yao kubwa ilikuwa uchungu. Kitu kichungu kama kwinini kilidhaniwa kutibu kama kwinini. Aliyewadanganya zaidi ni homa yenyewe. Malaria ya vivax, aina mojawapo ya malaria, hupanda kwa baridi na kutetemeka, hushuka kwa jasho, hurudi kila baada ya saa 48 hivi, na baada ya wiki kadhaa mara nyingi hutulia hata bila dawa, ingawa huweza kuibuka tena miezi ya mbele. Chochote alichokunywa mgonjwa siku za mwisho ndicho kilichopewa shukrani. (Na mililita 90 za wiski kwa siku hazikukosa wapenzi.)

SWALI: Je, India walipata kweli dawa ya bei nafuu kuliko kwinini?

JIBU: Ndiyo, ila ilitoka kwenye mti uleule unaotoa kwinini, yaani sinkona. Gome lake lina alkaloidi (kemikali chungu za mimea) kuu nne: kwinini, kwinidini, sinkonini na sinkonidini. Tume iliyoundwa Madras mwaka 1866 ilizijaribu zote; kati ya wagonjwa 2,472, hazikuwafaa 27 tu. Hata ukiwatoa wale ambao wangepona wenyewe, zote nne zinaua vimelea.

Shamba la serikali la Mungpoo, Darjeeling, lilikuwa na sinkona nyekundu kwa wingi, ambayo kwinini yake ni kidogo. Magome yalipondwa na kuroweshwa katika maji yenye asidi, maji yakachujwa na kutiwa soda kali hadi alkaloidi zote zikatuama chini pamoja. Zikaoshwa, zikakaushwa, zikasagwa. Unafuu ulitokana na kutozitenganisha. Kasoro yake ni kichefuchefu: wengi waliitapika, na dozi iliyotapikwa si dozi.

SWALI: Kwa nini madaktari waliwapa wagonjwa wa malaria aseniki, ambayo ni sumu?

JIBU: Kwa sababu ya Thomas Fowler, daktari Mwingereza aliyeieleza kama dawa ya homa mwaka 1786. Maji yake yalikuwa na aseniki asilimia 1, yakatiwa lavenda ili yasidhaniwe maji matupu. Yalihesabiwa kwa matone, baada ya kula. Kope zikivimba au tumbo likianza kukata, dozi imezidi. Ikiendelea miezi, ngozi ya viganja hukakamaa. Mpaka kati ya dozi na sumu ni mwembamba mno, na hata hivyo ilishindwa na kwinini.

SWALI: Hakuna hata moja isiyotokana na sinkona iliyofanya kazi?

JIBU: Ipo: rangi ya methilini buluu. Mwaka 1891, Berlin, Paul Ehrlich na Paul Guttmann waliwapa wagonjwa wawili, kwa kuwa kimelea huifyonza rangi hiyo. Homa ikakoma. Haikuwa na nguvu ya kwinini, mkojo uligeuka kijani au buluu, na kibofu kiliwasha. Kwa hilo la mwisho madaktari walitoa unga kidogo wa kungumanga.