Nyumba ngapi zatosha kujua shida za kartie?

SWALI: Sisi vijana wa Ndosho, Goma, tunataka kujua shida kubwa za afya katika kartie yetu kabla ya kuomba msaada. Tupite nyumba zote?

JIBU: Hapana, nyumba 210 zatosha: vikundi 30, kila kimoja nyumba 7, njia iliyotumika sana kupima ni watoto wangapi wamepata chanjo. Muombeni chefu wa kila avenyu idadi ya kaya. Jumlisheni avenyu moja baada ya nyingine, gawanyeni jumla kwa 30. Hiyo ndiyo hatua yenu. Chagueni kwa kura namba isiyoizidi hatua, kisha ongezeni hatua ileile mpaka vikundi 30 vitimie: kila namba inapoangukia katika hesabu ya avenyu, hapo ndipo kikundi kimoja. Mkifuata nyumba za kando ya barabara tu, mtawakosa wanaoishi ndani kwenye mawe ya volkeno, ambako kuchimba choo ni kazi ngumu.

Msiulize "mnahitaji maji?" Nani atakataa? Ulizeni jana waliteka bidoni ngapi za lita 20, na watu wangapi walizitumia. Bidoni 4 kwa watu 7 ni lita 11 na kidogo kwa mtu. Kiwango cha chini wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Kuhara kwa watoto chini ya miaka 5, ulizeni wiki 2 zilizopita tu, zaidi ya hapo mama anakisia.

Rejista ya kituo cha afya someni pia, ila inaonyesha waliofika, si walioshindwa kulipa. Na mama wa sokoni mfuateni jioni. Mchana mtakuta watoto peke yao.